Chiriku Alipobaki Mlimani

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya karakana ya shule,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu, Mama Chiriku,

Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo je, au bado unawanyanyua wagonjwa peke yako kana kwamba hospitali nzima haina muuguzi mwingine? Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri na dawa zake za presha, ingawa kila asubuhi lazima tugombane ndipo azimeze. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida. Mwanao naye mzima kabisa, anakula, anacheka, anasema mpaka masikio yanatuuma. Hilo nakuhakikishia kwanza, kwa sababu nina jambo la kukueleza na sitaki roho ikuruke kabla hujafika katikati.

Nilikuambia kwenye simu kwamba nimepewa kilabu cha matembezi. Mwalimu mkuu alitafuta wa kumtwisha, nikaangukiwa mimi. Basi Jumamosi moja kila mwezi tunawatoa watoto wa darasa la sita, tunapanda kile kilima cha nyuma ya bwawa. Wanajifunza kusoma ramani, kutambua miti, kufunga jeraha. Wale wanaosinzia kwenye hesabu, huko juu wanapima urefu wa mti kwa kivuli chake na kubishana majibu. Chiriku ndiye wa kwanza kufunga kamba za viatu.

Jumamosi ya tarehe mosi tulimwacha njiani.

Ilikuwa hivi. Shuleni kwetu watoto wana mchezo wao: mwenzako akichelewa na mwalimu akaita jina lake, unamwitikia wewe, "Nipo!", asije akaandikiwa utoro. Walimu tunaujua na tunajifanya viziwi, maana huyo mchelewaji huwa yuko mlangoni anahema. Sasa wakati wa kushuka, kwenye njia panda, nikaita majina. Mwalimu mwenzangu wa kufunga msafara alikuwa amepita mbele kumfunga mtoto bandeji. Nilipotaja jina la Chiriku, sauti ikaitika, nikaendelea. Kumbe aliyeitika ni rafiki yake, yule tunayemwita Pacha kwa vile hawaachani hata chooni. Chiriku alikuwa amesimama nyuma kutazama siafu wakivuka njia, akamwambia mwenzake, "Nenda, nakuja." Pacha akaona si neno.

Alikuja kweli, lakini sisi tulikuwa tumeshaondoka kwa njia ya kushoto. Yeye akashika ya kulia.

Tulipokaribia barabara ndipo Pacha akaangua kilio na kusema yote. Nikamwachia mwenzangu watoto, nikarudi mlimani na bwana misitu, tunapuliza filimbi, tunaita. Nilikuwa nakuwaza wewe tu. Huyu mtoto tangu uondoke halali bila taa, hata bafuni anataka asindikizwe, halafu mimi nimemwacha porini! Nililia njia nzima, mpaka bwana misitu akaniambia, "Mwalimu, puliza filimbi. Kulia utalia nyumbani."

Mara tukasikia filimbi inajibu, tatu tatu, kama nilivyowafundisha. Tulimkuta ameketi kando ya njia, palepale alipogundua kwamba amepotea. Hakwenda mbele wala hakurudi nyuma. Koti lake jekundu alikuwa amelitandaza juu ya kichaka ili lionekane, na maji amebakiza nusu chupa. Nilimkumbatia, bado nalia. Yeye ndiye aliyenipigapiga mgongoni: "Basi, mama mkubwa, basi. Si ulisema tukae tulipo? Nikakaa." Goti lilikuwa limekwaruzika kidogo, hakuna kingine.

Mwalimu mkuu alitaka kukifunga kilabu. Wazazi wakaitana, wakanisema hasa, nikawaomba radhi maana ni haki yao. Mwishowe wakakubali tuendelee, ila kila mzazi aseme mwenyewe kama mwanawe ataenda. Mimi mlimani sitaita majina tena, nitapita nimshike kila mtoto bega. Darasani nako ule mchezo umekwisha, na Pacha ndiye mkali kuliko hata mimi.

Kwa hiyo lililobaki ni neno lako. Sijasahau ulivyoniambia siku unaondoka, kwamba mtoto unaye huyo mmoja tu. Yeye aliniomba nisikuambie, anaogopa utamkataza. Nilimjibu kwamba mama yake simfichi kitu, na tangu hapo amenikunjia uso. Safari nyingine ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Usiporidhia haendi, na sitakulaumu hata chembe.

Mama anakusalimu, anauliza lini unapata likizo. Shemeji yako anakusalimu, anasema usimsahau kwa zile soksi nzito. Pacha naye anakusalimu kwa aibu, amejificha nyuma ya mlango wakati naandika.

Nakuomba jambo moja tu. Ukisema hapana, mpigie simu umwambie mwenyewe. Mimi nimemwona alivyokaa pale peke yake, na mdomo wangu hautaweza kumwambia kwamba hawezi.

Mungu akulinde zamu zako zote, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna.