Nyumba Nyuma ya Kanisa, Kisangani

Yaya Kavira, dada yangu mukubwa mupenzi,

Jua la huku linachoma, lakini mimi niko muzima.

Bon, sitakuficha. Mwezi uliopita sokoni mutu aliangusha mabati, nikadhani mabomu yamerudi. Nikajitupa chini ya meza, nikilia mbele ya watu. Muuza samaki mumoja, Mama Asina, alinishika mukono, akanipeleka nyumba moja nyuma ya kanisa. Mulango iko wazi muchana kutwa kwa kila mutu mwenye kuchoshwa kichwa na vita.

"Niko nakuwa kichaa?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Uko na woga. Ikaa na sisi."

Watu wa ile nyumba hawakunihoji. Walinipa muchi nitwange lituma, ndizi yao ya kupondwa. Nikatwanga vibaya mpaka mwanamuke mumoja, aliyekuwa hajasema neno tangu mabomu, akaninyang'anya ule muchi: "Leta! Unaharibisha chakula!" Wote wakamugeukia. Kisha tukacheka, na yeye pia.

Narudi pale kila siku, na nimeanza kupata usingizi usiku. Yaya, usibaki peke yako na kifo cha bwana yako. Ita majirani, ikaa nao. Unibusie watoto, uwaambie mama yao mudogo amecheka.

Ni mimi, Masika