Mufupa Moja Si Mukono Muzima

Mujukuu wangu Aline,

Amani ikufikie kule Bukavu. Sisi hapa Goma tuko salama. Shangazi yako amezaa mutoto musichana, na bibi yako hataki mutu mwingine amubebe.

Unaniuliza, daktari akisema mufupa wa kifundo cha mukono wako umekufa, mukono wote utakufa?

Nilipokuwa kijana kule Masisi, nilikamua ng'ombe za baba. Kifundo cha mukono wa kuume kikaanza kuuma, na sikuwa nimeanguka popote. Baba akasema ni uvivu. Nikaficha maumivu, nikaendelea kukamua, mupaka siku moja vidole vikashindwa kushika kabisa. Ndipo akanileta Goma.

Daktari alifinya katikati ya kifundo, nikapiga kelele. Akanipiga radio, ile picha ya mifupa, akatuonyesha kafupa kamoja kalikokuwa keupe kuliko mifupa mingine.

«Haka hakapati tena damu,» akasema. «Lakini hakajavunjika. Nitafupisha kidogo mufupa mukubwa wa mukono, usikakandamize tena.»

Baba akauliza: «Basi mutoto alikuwa anaumia kweli?»

«Kweli, muzee.»

Akanigeukia mbele ya wagonjwa wote. «Mwanangu, unisamehe.»

Akanipasua, na siku zote za platre, ile bandeji ngumu, baba alikamua sehemu yangu pia. Kifundo hakikukunjika tena kama zamani, lakini maumivu yalikwisha.

Aline, wewe wameona ugonjwa wako mapema. Pumuzisha mukono, uliza daktari kila kitu, na usifiche maumivu juu ya kuona haya. Mukono wangu ule ule ndio umekuandikia barua hii.

Babu yako