Lori la Chumvi Lililomleta Bibi

Baba Rukia, mume wangu,

Nyumba yetu leo inanukia liwa. Mjukuu wetu ni mwari wa harusi, amefungiwa chumba cha uani siku ya tatu sasa, na kazi ya kumsinga, kumsugua mwili kwa liwa hiyo ya msandali, nimepewa mimi. Nilikuwa namsugua mgongo nikajikuta nacheka peke yangu. Akaniuliza, "Nyanya, wacheka nini?" Nikamwambia namcheka babuye.

Nilikukumbuka wewe na lori lako la chumvi ya Gongoni, miaka ile ya themanini, nilipokuwa mwari mimi. Siku hizo nilitaka kitu kimoja tu: Bibi yangu wa Mambrui, aliyenilea tangu mama alipofariki, awepo Malindi siku ya nikahi yangu. Naye alikataa. Nyonga yake haikuweza msukumano wa basi, na lori lako alikwisha kulionja. Lilimrusharusha kutoka Mambrui hadi daraja la Sabaki, akawa anasali ameketi wiki nzima. Ulipompelekea salamu kwamba utamfuata, alikujibu kwa maneno machache: "Lile si gari, ni kinu. Na miye si mpunga."

Mwingine angenuna. Wewe ulilileta lori kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba yetu, ukalipiga jeki, ukaingia chini. Mwari hatoki, lakini kuchungulia dirishani sikukatazwa, nami nilichungulia siku mbili nzima.

Baadaye ulinieleza, na kila mgeni aliyekuja kwetu ulimweleza pia, atake asitake. Springi za lori ni vyuma bapa vilivyopangwa kama chapati kwenye sahani, na hutakiwa viteleze kidogo gurudumu linapoingia shimoni. Vyako vililiwa na chumvi, vikagandana kwa kutu, vikawa pande moja la chuma lisilojua kuinama. Ukavifungua, ukavigonga mpaka vikaachana, ukavisugua kwa brashi ya waya. Ncha zilizokuwa zikichimba chuma cha chini yake ukazilainisha kwa tupa. Nyuma ukapunguza vyuma viwili kila upande. Utingo wako alipokuuliza kwa nini, ulimjibu kwa sauti nikakusikia: "Bibi si tani saba!"

Hadi hapo ulikuwa fundi. Kisha ukakosa grisi. Mtu mwenye subira angengoja duka lifunguliwe, lakini wewe ukoo wako ni wa waunda vyombo vya bahari, na subira hukurithi. Ukasema mafuta yanayokinga mbao na maji ya chumvi yatashindwaje kukinga chuma? Ukaleta debe la sifa, yale mafuta ya maini ya papa, ukavipaka vyuma vyote. Basi mimi ndani napakwa liwa, lori nje lapakwa sifa. Kufika alasiri paka wa mtaa mzima walikuwa wamejilaza chini ya lori. Shangazi yangu alifunga dirisha kwa kishindo akaniambia, "Mume huyu, mwanangu, utamwosha mpaka uchoke."

Asubuhi ya nikahi ulipakia magunia ya mchanga nyuma, maana lori tupu hurukaruka, ukapunguza na upepo wa magurudumu, ukaenda Mambrui. Mazungumzo yenu nayajua kwa moyo, kwa jinsi mlivyokuwa mkiyasimulia.

"Shikamoo, Bibi. Lori limekuwa jipya."

"Marahaba. Jipya halinuki hivi." Akalizunguka, akivuta pua. "Nani kakwambia utie sifa?"

"Akili yangu tu, Bibi."

"Akili yako yanuka. Haya, nipandishe."

Alifika na kikuba changu, kishada cha maua ya kuvaa kifuani, mapajani, na hapana ua la asumini lililodondoka njiani. Kilinukia asumini, rehani na papa. Nilikivaa hivyo hivyo, nikaona raha ambayo sijaona tena mfano wake.

Sifa yenyewe haikudumu. Haukupita mwezi vumbi likaishika ikawa gundi, ukarudi chini ya lori kuvifungua vyuma vyote upya, ukitukana, nami nimesimama na kikombe chako cha chai nikicheka. Tuliishi vizuri, Baba Rukia. Nakukosa, lakini sina kinyongo na umri tuliopewa.

Ila kuna jambo nililikuficha, nami sitaki libaki moyoni. Siku zile nilikuwa nimemwambia baba: "Ukija kuniuliza idhini yangu na Bibi hayupo chumbani, usitaraji ninyamaze kama wanavyonyamaza wari wakikubali. Nitasema la, tena kwa sauti, wasikie mpaka barazani." Baba alinijua, hakubisha. Alikaa siku mbili akikutazama ulivyokuwa ukigonga vyuma, asikwambie neno. Wewe ukidhani wamlainishia bikizee safari, kumbe ulikuwa umelala chini ya ndoa yako mwenyewe.

Baba alipoingia kuniuliza, Bibi alikuwa amekaa kando yangu, kanishika mkono. Nikanyamaza.

Mola akulaze palaini, mume wangu.

Mkeo,
Mama Rukia