Kwani Huo Mkono ni wa Hamisi?

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, na mie nimenuna kuliko hayo mawingu.

Wapendwa, hamjambo huko mliko? Watoto wazima? Mie afya ipo, alhamdulillah, ila moyo unachemka.

Jana asubuhi mama yangu aliteleza uani kwetu Manzese, akaangukia mkono wa kulia. Ukavunjika pale kifundoni. Nikamkimbiza hospitali, chumba cha dharura. Daktari, mwanamke mwenzangu, akatazama picha ya eksirei, kisha akaniuliza, "Mwanaume wa familia yupo?"

Tukamsubiri kaka Hamisi atoke Tegeta.

Alipofika, daktari akamweleza yeye njia mbili. Mama afungwe hogo, ile plasta ngumu, mkono upone ila huenda ukapinda. Au apasuliwe, awekwe vyuma, unyooke, lakini apewe dawa ya usingizi, na kwa umri wake dawa hiyo ina hatari zake. Kaka hata hakukaa chini. "Pasueni." Akasaini.

Na mama? Yuko macho, akili timamu, kalala katikati yao. Wanaongea juu yake kama watu wanaopatana bei ya kabati.

Mkono ule ndio unaosuka ukili. Mikeka yake ndiyo iliyotusomesha, huyo Hamisi akiwemo!

Ila humu bloguni siwezi kudanganya. Mama alinivuta kanga, akaanza, "Mwanangu, mie hiyo dawa ya usingizi..." Nikamkatiza. "Shii, mama, daktari anaongea."

Mimi. Binti yake.

Mama alisubiri mpaka kaka alipoondoka. Ndipo akaniuliza, "Kwani huo mkono ni wa Hamisi?" Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

Wamemlaza wodini, upasuaji kesho asubuhi. Adhuhuri nimeswali na ghadhabu kifuani, Mungu anisamehe. Labda mama mwenyewe angetaka vyuma. Labda angetaka hogo. Sijui, maana hakuna aliyemuuliza, hata mie niliyekaa naye siku nzima.

Kesho nitamuwahi daktari pale kitandani. Nitamwambia: mwenye mkono huyu hapa, mweleze yeye, upya, taratibu. Kisha mie nifunge mdomo, mama aongee.

Nyie mnaofanya kazi hospitali, fomu aliyosaini kaka, mama anaweza kuikataa? Nijibuni leo, tafadhali, kabla ya Ishaa.