Nilivyonyamaza Kuhusu Vidonge vya Bibi

Kwa Sadala,
Hai.
10 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Doris,

Shikamoo. Habari za Mwanza? Mgongo umepoa? Huku baridi imekaza mpaka ng'ombe anagoma kutoka zizini. Bibi ametoka hospitali juzi, anakunywa mtori na ameshaanza kugomba, kwa hiyo usiwe na hofu.

Naandika kwa sababu kwenye simu huwa nakosa sauti, halafu simu yenyewe ni ya mwanao Kindness.

Shangazi, namwonea wivu dada Kindness. Kabla hajaja kusoma famasia Moshi na kukaa hapa kwetu, dawa za presha za Bibi nilimpa mimi. Kiingereza cha kwenye maboksi nilimsomea mimi. Siku hizi nikigusa tu kopo, "Wewe Hilda, weka chini! Ngoja daktari wangu arudi, usije ukaniua bure." Wageni wanacheka. Mimi naenda kukata majani ya ng'ombe, nalia huko huko.

Sasa lile jambo lenyewe. Unajua wakitoka sala ya jumuiya, bibi zetu hugawana vidonge kama wanavyogawana ndizi. Bibi Margareta, jirani, alimpa Bibi vyake: "Hivi vinashusha, siyo hivyo vyako vya uji!" Bibi akavifunga kwenye pindo la kanga. Boksi lilikuwa na jina lingine, ila nilisoma maandishi madogo: dawa ni ile ile. Akawa anameza zote mbili.

Dada Kindness alipokuwa anapanga dawa upya aliuliza, "Bibi, hakuna nyingine?" Bibi akasema hakuna. Nilikuwa pale pale namenya ndizi. Nilinyamaza. Nilitaka akosee, mara moja tu, Bibi aone.

Siku ya nne Bibi akaanguka migombani, presha imeshuka vibaya.

Nilikusikia ukimgombeza Kindness kwenye simu. Alisema tu, "Nisamehe, mama." Kosa ni langu, Shangazi. Jana nilimwambia. Akauliza, "Mbona hukuniita hata pembeni?" Akanisamehe, tena vizuri kabisa, na hilo nalo nikalionea wivu.

Tafadhali mpigie, umwondolee lawama. Na zile dawa za miguu unazomtumia Bibi kwa basi, usitume tena kabla hujamtajia Kindness majina yake. Mtajie yeye, siyo mimi. Inaniuma kuandika hivyo, lakini mtajie yeye.

Msalimie sana mjomba Elimringi, na mdogo wangu Praygod. Mungu akae nanyi hapo nyumbani, mlale salama na kuamka salama.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Hilda