Soko Lililoitwa Taya

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekupa nafuu ya kupalilia bustani yako. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba, kwa hiyo jiandae.

Baba, nina habari za soko lako, lile ulilolichora mwenyewe. Usiikunje barua, nakuomba. Najua tangu gazeti lilipoliita Taya hutaki hata kulisikia likitajwa, na ndiyo maana ukahama mji. Mimi niliyebaki nilibebeshwa jina: shuleni niliitwa Binti Taya, nikalia weee, na mpaka leo wateja wangu huelekezwa kwa fundi cherehani aliye chini ya jino la tatu. Mhakiki yule wa majengo aliandika mara moja tu, aya mbili, mji mzima ukaanza kuona meno pale ulipokuwa ukiona paa. Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza kulibomoa ili ijenge maegesho ya magari, hakuna aliyenung'unika.

Basi msimu huu wa mvua, mama mmoja mtu mzima alikimbilia ndani akaomba kukaa kwenye benchi langu la wateja. Nilimpa kitambaa ajifute. Alikaa akitazama juu. Mvua ilikuwa kubwa kweli kweli, lakini hakuna tone lililopenya kwenye zile nafasi kati ya meno ya paa, na mwanga ulishuka pale pale kwenye sindano yangu, kama ulivyopanga. Akaniuliza mbona sijawasha taa. Nikamjibu kwamba sina, sijawahi kuihitaji. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Akahamia upande wa samaki, akakaa na wauza nyanya, akinusanusa hewa kama mpelelezi. Nilidhani akili zimemruka kidogo, Mungu anisamehe.

Jumapili gazeti likatoka. Alikuwa yeye, baba. Mhakiki yule yule! Aliandika kwamba alilihukumu soko akiwa amesimama ng'ambo ya barabara, hajawahi kuingia, na kwamba mvua ndiyo iliyomsukuma ndani akaona alichowanyima watu kukiona. Akamalizia kwa kuwaomba wanaokwenda kununua vitunguu wainue macho.

Wakainua! Sijui nikueleze vipi. Watu waliopita hapa miaka nenda miaka rudi wakitazama miguu yao, walisimama na vikapu vyao, midomo wazi. Muuza nyama, unamjua alivyo na gubu, sasa anawaonyesha wateja jinsi mwanga unavyohama meza hadi meza, utadhani alilichora yeye. Siku ya mkutano wa halmashauri ukumbi ulifurika, na mpango wa kubomoa ukafutwa. Soko halijaongezwa hata tofali moja. Nilisimama na mkasi mkononi, mwili ukinisisimka. Niliogopa pia, kuona kalamu ya mtu mmoja inavyoweza kuwapofusha watu na kuwarudishia macho.

Alipokuja kunishukuru kwa benchi, nilimwambia mimi ni binti wa nani. Nilitaka kumfokea, maneno nilikuwa nayo tangu darasa la tatu. Akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Kisha akasema ameshauomba radhi mji mzima isipokuwa mtu mmoja, na huyo haombwi radhi gazetini. Akataka nimwelekeze kwako.

Baba, mama aliyekukabidhi barua hii ndiye yeye. Nilimwambia asijitambulishe mpaka umalize kusoma, kwa kuwa nakujua, ungefunga mlango. Sasa umeshampa kiti, tena kile kizuri. Ukimfukuza sitakulaumu, uamuzi ni wako. Ila kabla hujaamua, mtazame kwanza. Nadhani hivi sasa anaangalia paa la baraza lako.

Mama yetu mdogo nisalimie sana. Mjukuu wako naye anakusalimu kwa meno yake yote mawili.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Binti Taya