Neema Anaingia Majini Jumamosi

Likoni, Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unakwenda kanisani bila kumwegemea mtu. Baba naye, kifua chake kinaendeleaje tangu baridi ianze? Huku sisi sote watano tu wazima, na joto linatupika kama kawaida yake. Nimekaa kwenye cherehani, sare za watu zinanisubiri, lakini sindano inapita pembeni, kwa hiyo nimeona heri nikuandikie wewe kwanza.

Mwaka huu umetukimbiza, Mama. Mutua amefanywa golikipa wa shule yao, na tangu hapo hakuna kitu nyumbani ambacho hajakirukia: machungwa, soksi, hata mkate. Timu yao ilikwenda kucheza Voi wakalala huko, na mimi huku nikalala macho wazi, nikiyawaza malori yote ambayo basi lao lingepishana nayo. Akarudi na kikohozi na kikombe cha ushindi, akataka kikombe kiwekwe juu ya kabati ili kila mgeni akione. Keziah, kitindamimba wetu, yuko kwenye kwaya ya watoto kanisani na huimba hata chooni, majirani wameshazijua nyimbo zote. Baba Neema bado yuko bandarini Kipevu, kazi yake ni ileile ya kufunga na kufungua makontena melini. Akitoka zamu watoto humpanda kama ngazi kabla hajavua viatu.

Likizo ya Aprili ulituona mwenyewe. Unakumbuka Mutua alivyosimama katikati ya mto wetu, mchanga mtupu, akauliza maji yamekwenda wapi, nawe ukamwonyesha pa kuchimba? Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu maji ni kitu cha kuchimbwa na kubebwa kichwani, na yakiwa mengi sana ni ndoo. Ndiyo maana miaka yote hii sijaizoea bahari. Nikipanda feri kwenda mjini kununua vitambaa, nafumba macho mpaka ng'ambo. Watoto hunicheka. "Mama, fungua macho, watu wameshashuka," Mutua huniambia, na mara nyingine ni uongo, bado tuko katikati.

Sasa nikwambie habari za Neema. Mwanzoni mwa mwaka shule yake ilianza kuwafundisha watoto kuogelea, kwanza kwenye bwawa la hoteli, kisha baharini maji yakiwa yametulia. Mimi nilikataa. Baba Neema akasema mtoto wa kumhofia ni yule anayeishi Likoni na hajui kuogelea. Tulinuniana siku nzima, mwishowe nikakubali kwa sababu sikuweza kuvumilia uso wa mtoto. Lakini sikwenda kumtazama hata mara moja. Akitoka, nilishona. Akirudi, nilimshika nywele zake mbichi nione kama kweli ni yeye.

Likizo ya Agosti, Jumapili moja baada ya ibada, Baba Neema alitupeleka Shelly Beach. Nikatandika leso mbali na maji, Keziah pajani, nikawa namenya machungwa. Baba yao na Mutua walikuwa wakipiga mpira mchangani. Nikainua macho. Neema alikuwa juu ya maji, chali, mikono ameitandaza, macho ameyafumba, na mawimbi yanampeleka huku na huku. Hatikisiki. Mama, mimi nilijua ni maiti tu inayolala hivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu hai mwenye afya yake anaweza kujilaza juu ya bahari akapumzika, na kwamba mwalimu ndiye aliyewafundisha.

Nilimtua Keziah, nikapiga ukelele, nikaingia na viatu vyangu vya kanisani. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, halafu nikakanyaga nisipate chini. Nilikunywa chumvi. Kisha nikahisi mkono, nikaukamata, nikaparamia shingo ya mwanangu kwa nguvu zote nilizo nazo. Yeye alikuja kunitoa, na mimi nilimkaba. Alizama chini yangu, Mama. Nilimhisi anazama na bado sikumwachia, kwa kuwa akilini mwangu nilikuwa nimemshika ili asife. Akaibuka, akanipigia kelele usoni, mtoto huyu ambaye nikimwita huitikia abee.

"Niachilie! Mama niachilie, tutakufa sote!"

Nikamwachia. Sijui nilipata wapi moyo huo. Akapita nyuma yangu, akanishika chini ya kidevu, akaniambia nilale, nikalala, akanivuta mpaka baba yake akatufikia. Baadaye waliniambia yote hayo yalitokea karibu kabisa na nchi kavu, na watu walisimama wakitutazama.

Nyumbani nilikaa barazani na nguo zilezile mbichi. Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, mwenyeji wa hapa tangu enzi za babu zake, akatoka na chai ya tangawizi. Kwa Kiswahili chao, Mama, ndoo ni njoo, na kuyua ni kujua.

"Ndoo keti hapa, mwanangu. Mbona watetema hivyo?"

Nikamweleza yote. Akacheka kidogo, halafu akanishika mkono.

"Wallahi mtoto ashayayua maji. Wewe ndiye huyayui. Sasa wataka umfunge kamba ya mguu kama kuku?"

"Nataka asife, Bi Zuhura."

"Na nani atakaye afe?" akasema, akanisogezea chai. Nilizoea anitanie, na siku ile hakunitania tena.

Sasa Jumamosi hii kuna mashindano ya shule. Si ya bwawani, ni palepale Shelly Beach, kutoka ufukweni hadi kwenye boya na kurudi. Nimekwenda kulitazama hilo boya. Ukiwa nchi kavu ni doa jekundu tu. Wanasema kutakuwa na boti ya waokoaji, na mwalimu ametaka ruhusa ya mzazi. Baba Neema kaniambia, "Ukisema hapana, sitakulaumu." Afadhali angenilaumu. Neema mwenyewe hakuniomba chochote ila jambo moja.

"Mama, ukija, ukae kule juu na mwalimu. Usishuke majini. Hata ukiona nini."

Anaogopa, Mama, lakini haiogopi bahari. Ananiogopa mimi. Nilimwahidi nitakaa, na leo asubuhi nimekwenda shuleni nikamwambia mwalimu, aende.

Tangu hapo nikikata kitambaa namwona chali. Nimeomba mvua kubwa inyeshe Jumamosi waahirishe, kisha nikamwomba Mungu anisamehe kwa sala hiyo, maana mtoto amejiandaa miezi yote hii. Baba Neema anasema mashindano yenyewe hayachukui muda. Kwangu yameshaanza.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, nimesikia wamepata mtoto wa kike. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kushona, mwambie sindano bado ndiyo inatulisha. Na mama mchungaji, mwambie amtaje Neema katika maombi hata kama siku itakuwa imepita.

Sikukupigia simu kukwambia haya, na ni kwa makusudi. Ningeisikia sauti yako ikisema "mkataze", ningemkataza, hata baada ya kutoa jibu shuleni. Barua nampa binamu yake Baba Neema, anayeondoka kesho, lakini atapitia kwa wakwe zake kwanza, kwa hiyo haitakufikia kabla ya Jumatatu. Jumamosi jioni nitakupigia nikuulize habari za mbuzi, nawe hutakuwa unajua lolote. Ukifika hapa katika kusoma, ikumbuke simu ile. Namwomba Mungu iwe ulinishangaa, ukamuuliza Baba binti yenu ana nini hata acheke vile kwa habari za mbuzi.

Mwanao anayekupenda,
Mwende